Uso wa Mgonjwa Si Malipo ya Bili

Leo tuzungumze juu ya mgonjwa na kamera, na nitaanza na siku ambayo wengi wenu mnaikumbuka. Ilikuwa tarehe 1 Aprili 2020. Korona ilikuwa imetangazwa nchini tarehe 13 Machi, hata wiki tatu hazijatimia, na watu walikuwa na hofu kubwa. Ndipo Rais Uhuru Kenyatta akazungumza kwa video na Wakenya wawili waliokuwa wamepona, mmoja wao binti aliyekuwa mgonjwa wa kwanza kabisa kuthibitishwa nchini. Taifa zima likaangalia. Majina yakatajwa, nyuso zikaonekana, na muda si muda vijana hao wakawa wageni kwenye vituo vya runinga, wakihojiwa juu ya homa yao, safari zao, na wadi walimolala.

Yule binti, ambaye jina lake sitalitaja kwa sababu limetajwa vya kutosha, alikuja kutupa matumaini. Alichopata ni kitu kingine. Watu walikaa na simu zao wakilinganisha mahojiano yake, neno kwa neno, wakitafuta alipojikanganya. Wakasema ni mwigizaji, kwamba ugonjwa wenyewe ni uongo. Kisha picha na mazungumzo yake ya faragha yakaanza kusambazwa mitandaoni. Ilibidi Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, atoke mbele ya kamera zile zile kuwakemea waliokuwa wakimsumbua na kutaka wakamatwe.

Msikilizaji, binti yule alikubali kuonekana. Hakuna aliyemburuta. Serikali ilikuwa na nia njema, maana nchi ilihitaji kuona kwamba mtu anaugua korona na anapona. Vituo navyo vilifanya kazi yao. Lakini mtu aliyeugua aliingia katika jambo hilo akiwa na faragha yake, akatoka hana. Serikali ilipata ujumbe wake, vituo vikapata watazamaji wao, na yeye akabaki na matusi. Nani alimweleza, kabla hajakaa mbele ya kamera, kwamba hayo yanaweza kutokea? Hapo ndipo pana swali langu la leo: je, mgonjwa anayeonyeshwa mbele ya kamera ananyonywa?

Ng'ambo wana vipindi maalumu vya kuonyesha wagonjwa. Kamera zinafungwa ndani ya hospitali, zinamfuata daktari kutoka kitanda hadi kitanda, na mtazamaji anakula chakula chake cha jioni huku akiangalia mtu anavyopasuliwa. Sisi hatuna vipindi vingi vya namna hiyo, lakini jambo lenyewe tunalo, tena kwa wingi. Tunalo kwenye taarifa ya habari ya saa moja jioni, pale ripota anaposimama kando ya kitanda na nambari ya kuchangia inapita chini ya picha. Tunalo kwenye runinga za makanisa, ambapo mgonjwa hupandishwa jukwaani aeleze uvimbe wake kabla ya kuombewa. Tunalo kwenye video za mashirika ya misaada, na siku hizi tunalo kwenye simu ya muuguzi anayejirekodi kazini akitafuta wafuasi.

Sasa twende Kimuka, hapa kwetu Kajiado, kule nyuma ya vilima vya Ngong. Tuseme kuna mama wa pale, mfugaji, mtoto wake ana uvimbe shingoni. Anaanzia zahanati. Zahanati inamwelekeza Ngong, Ngong inamwelekeza Hospitali ya Kenyatta. Kila hatua ina nauli yake, kipimo chake, na dawa ya kununua nje kwa sababu ndani haipo. Mbuzi wanauzwa, kisha ndama. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, inamtaka mtu asiye na mshahara alipe si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na kwa kawaida anadaiwa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kama ukame umemmalizia mifugo, hizo pesa atazitoa wapi kwa mkupuo? Basi bili inapanda. Halafu siku moja anakuja mtu mwenye sauti ya upole na kamera, anamwambia, "Mama, tukimwonyesha mtoto kwenye runinga, Wakenya watachanga."

Atakataa vipi? Mfa maji hukamata maji. Ukimpa mama huyo karatasi ya idhini atatia sahihi, na kama hajui kuandika ataweka kidole gumba, hata kama karatasi imeandikwa Kiingereza na yeye anazungumza Kimaa. Atakubali uonyeshe uvimbe, umvue mtoto shati, umuulize yeye mwenyewe kama baba mtoto yupo au alikimbia. Atajibu yote. Kila jibu analolitoa linapunguza deni, au ndivyo anavyoamini.

Nasema waziwazi: idhini ya namna hiyo si idhini. Ni malipo. Mama analipa bili ya hospitali kwa uso wa mwanawe, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichobaki nacho ambacho watu wa Nairobi wanakitaka.

Wala tusidhani deni la hospitali ni jambo dogo katika nchi hii. Mwezi Septemba 2015, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba haki za wanawake wawili zilivunjwa walipozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu hawakuweza kulipa. Walikuwa wamejifungua, wamemaliza kutibiwa, lakini hawaruhusiwi kwenda nyumbani. Hukumu ilitolewa, na ilikuwa hukumu nzuri, ila sote tumeendelea kusikia habari za wagonjwa kuzuiliwa wadini na maiti kuzuiliwa mochari. Katika nchi ambapo bili inaweza kukufunga, kamera inapokuja na ahadi ya mchango, haimkuti mtu huru.

Najua lipo jibu, na si jibu la kipuuzi. Wapo watoto ambao wako hai leo kwa sababu runinga iliwaonyesha. Wapo waliopelekwa India kwa michango ya watu wasiowafahamu. Mimi siwezi kumwambia mzazi wa mtoto kama huyo kwamba alikosea, na sitamwambia. Wahenga nao walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Iko pia kesi ya Bungoma, nayo inanifanya nisiseme kwa pupa. Mwezi Agosti 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma ya Bungoma. Hakukuwa na kitanda wala mtu wa kumsaidia, na wauguzi walipomkuta walimtukana na kumpiga. Tunayajua hayo kwa sababu mtu alirekodi video. Video ikasambaa, nchi ikakasirika, kesi ikaenda kortini, na mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba heshima na haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Bila video hiyo huenda lingekuwa neno la mama maskini dhidi ya neno la hospitali, na sote tunajua neno la nani lingeaminiwa.

Kwa hiyo sisemi kamera ifukuzwe hospitalini. Nasema tuangalie imeelekezwa kwa nani. Video ya Bungoma, pamoja na uchungu wake wote, iliwaweka hadharani wale waliopaswa kuwajibika: wauguzi, hospitali, kaunti, serikali. Kamera ya kuchangisha inafanya kinyume. Inamulika kidonda na kuuacha gizani mfumo uliomfikisha mgonjwa hapo. Tumeonyeshwa watoto wangapi wenye mioyo mibovu, tukachanga, tukalia, na hatukuonyeshwa hata siku moja ofisa wa bajeti akiulizwa kwa nini mashine ya kaunti imelala miezi bila kutengenezwa? Ofisa huyo hawezi kulazimishwa kukaa mbele ya kamera. Ana mlinzi mlangoni na msemaji wa kumjibia. Mgonjwa hana mlango.

Hata kwenye nchi tajiri, ambako mgonjwa ana wakili, mambo haya yamewafika watu shingoni. Mwaka 2011, mzee mmoja aligongwa na lori la taka jijini New York, akakimbizwa katika hospitali ya NewYork-Presbyterian, akafia pale. Ndani ya chumba alichofia mlikuwa na kamera za kipindi cha ABC kilichoitwa NY Med. Familia haikuulizwa. Mwaka uliofuata, mjane wake alikuwa nyumbani akiangalia runinga, akamsikia daktari akizungumza na mgonjwa, akasikia mgonjwa akijibu. Uso ulikuwa umefichwa, sauti imebadilishwa. Akamtambua mumewe hata hivyo. Akamwona akifa, mbele ya nchi nzima, kati ya matangazo ya biashara. Mwaka 2016 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilikubali familia iendelee na madai dhidi ya hospitali na daktari kwa kuvunja siri ya mgonjwa, na mwaka huo huo hospitali ikalipa serikali ya Marekani dola milioni 2.2 kwa kuruhusu kamera hizo.

Hebu lifikirie jambo hilo ukiwa Kimuka. Kama mjane katika jiji la watu milioni nane alimjua mumewe kwa sauti iliyobadilishwa, je, pale ambapo watu wanajuana kwa mwendo, kwa shanga za shingoni, kwa jinsi mtu anavyofunga shuka lake, kuficha uso kutamsaidia nani? Tuseme ni mwanamke mwenye fistula, ugonjwa ambao tayari umemtenga na mumewe na majirani. Unamziba macho kwa kivuli cheusi, unamwacha aeleze mkojo unavyomtoka. Kijiji kizima kitamjua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Waliofichwa jina lake ni watazamaji wa mbali, ambao hata wangelijua wasingemdhuru.

Na sisi wa Kajiado tuna mzigo wetu wa ziada. Shuka jekundu, shanga, masikio yaliyotobolewa, mbuga nyuma, mlima kwa mbali: picha inapendeza kabla hata mgonjwa hajasema anaumwa nini. Kaunti hii ina trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha watu polepole, kope zikijikunja ndani na kukwaruza mboni. Upasuaji wake ni mdogo na unasaidia sana. Madaktari wanaokuja kuufanya nawaheshimu, na wazee wetu wanaoona tena wanawaombea baraka. Ila mara nyingi kambi ya matibabu haiji bila mpiga picha. Kikongwe anakaa kwenye benchi la shule ya msingi, inzi usoni, na picha yake inasafiri hadi Ulaya kuombea pesa. Anajua? Ameelezwa kwamba mjukuu wake anayesoma Nairobi anaweza kuikuta siku moja kwenye simu ya mwenzake? Akikataa kupigwa picha, ataendelea kukaa kwenye foleni kwa amani, au ataogopa kuwaudhi wageni waliomletea dawa?

Hayo ya kugeuza ugonjwa kuwa sadaka yanaweza kwenda mbali kuliko tunavyodhani. Jinja, Uganda, alikuja kijana wa Kimarekani anayeitwa Renée Bach, akaanzisha mwaka 2009 kituo cha kuwasaidia watoto wenye utapiamlo. Hakuwa daktari wala muuguzi. Aliandika mtandaoni habari za watoto aliokuwa akiwahudumia, watu kwao wakasoma, wakatuma pesa. Uso wa mtoto ndio uliokuwa kapu la sadaka. Redio ya NPR ya Marekani iliripoti kwamba watoto 105 walifariki wakiwa chini ya uangalizi wa kituo hicho kati ya 2010 na 2015. Mwaka 2019 akina mama wawili waliofiwa walimshtaki katika Mahakama Kuu ya Jinja wakisaidiwa na shirika la Women's Probono Initiative, na mwaka 2020 kesi ikamalizwa kwa makubaliano, kila mama akilipwa kama dola 9,500, bila upande wa pili kukiri kosa. Kisha mwaka 2023 HBO ikatengeneza filamu ya sehemu tatu juu ya mkasa huo huo, na watoto wale wakarudi tena kwenye skrini.

Uingereza nako, shirika la Comic Relief lilikuwa na mtindo wa kuwatuma watu mashuhuri Afrika wapigwe picha na watoto. Mwaka 2019 mtangazaji Stacey Dooley alionekana Uganda amembeba mtoto, mbunge David Lammy akapinga vikali, na mwaka 2020 shirika likatangaza kuacha mtindo huo na kuwapa watengenezaji filamu wa Afrika nafasi ya kusimulia. Ni hatua njema. Lakini tusijidanganye kwamba tatizo ni ngozi ya aliyeshika kamera. Kameramani wa Nairobi naye anaweza kuinama kitandani akatafuta chozi.

Hapa kwetu sheria ipo, na ni sheria nzuri. Katiba ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31 na heshima ya mtu katika kifungu cha 28. Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya katika kundi la data nyeti, na inataka idhini itolewe kwa hiari, kwa jambo mahususi, na mtu akiwa ameelezwa. Tena inamruhusu aiondoe baadaye. Uandishi wa habari umepewa nafasi yake katika sheria hiyo, panapokuwa na maslahi ya umma, na ni haki kuwa hivyo, la sivyo Bungoma ingefunikwa. Lakini maslahi ya umma si shauku ya umma. Umma una haki ya kujua kwamba wadi haina vitanda. Hauna haki ya kuona titi la mama aliyelala chini kwa kukosa kitanda.

Mtaniuliza kama sheria hiyo ina meno. Inayo. Desemba 2022 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza kampuni ya simu ya Oppo shilingi milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu mtandaoni bila idhini yake. Septemba 2023 ikaitoza Shule ya Roma ya Uthiru shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu ya Casa Vera ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kumweka mteja wake mtandaoni. Mteja wa klabu, msikilizaji! Mtu aliyevaa vizuri, akaenda kujiburudisha na marafiki, sheria imemlinda. Je, aliyelala wadini na mpira wa mkojo, nguo za hospitali zimefunguka mgongoni, hastahili ulinzi huo mara kumi?

Kwangu mimi, basi, jibu ni ndiyo. Mgonjwa anayeonyeshwa ili atibiwe ananyonywa, hata kama kila mtu aliyehusika ana moyo safi, na hata kama pesa zimefika. Haki ya matibabu imeandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba, na haikuandikwa kwamba inalipiwa kwa kujianika.

Kwa wenzangu wa vyombo vya habari, nina ombi. Tenganisheni msaada na uso. Mchango unaweza kuombwa kwa maelezo ya daktari, kwa sauti ya msimamizi wa hospitali akieleza bili imefikaje hapo, bila mtoto kuvuliwa shati. Mkishapata idhini, rudini siku nyingine, bili ikiwa imelipwa na maumivu yamepoa, muulize tena kabla ya kurusha. Kuna vipindi Uingereza, kama kile cha chumba cha dharura kilichoanza 2011 katika King's College Hospital, ambavyo humrudia mgonjwa baada ya kurekodi na kumuuliza upya. Akikataa, futeni. Na zungumzeni naye kwa lugha yake. Mtoto asiye na uwezo wa kusema hapana asionyeshwe uso kabisa, maana atakua, ataingia shuleni, na video itamtangulia darasani.

Kwa wasimamizi wa hospitali, kuanzia Kenyatta hadi zahanati ya mwisho kabisa katika kaunti hii: mlango wa wadi uko mikononi mwenu. Mwanasiasa akija na blanketi na wapiga picha wanane, apokewe ofisini, blanketi zipelekwe wadini na wauguzi. Muuguzi anayejirekodi kando ya kitanda aambiwe na wakubwa wake kwamba simu inabaki kabatini.

Na kwako wewe unayenisikiliza Kimuka, Kisamis, Kitengela au Namanga, ambaye leo au kesho utakuwa kando ya kitanda cha mtu wako: ukiombwa picha, uliza itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, na nani atapata nini. Uliza kama mtatibiwa vile vile ukikataa. Jibu lazima liwe ndiyo, na likiwa jingine, hapo hapo umejua unazungumza na nani. Kama uliwahi kuonyeshwa au mwanao alionyeshwa bila idhini ya kweli, andika malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inaipa ofisi hiyo siku 90 kuchunguza malalamiko yako na kuyakamilisha.